Daktari Hawa Abdi na hospitali isiyokuwa na serikali

Katika ofisi nyingi za umma uongozi wa hospitali huhesabiwa kuwa ni kazi ya mafaili: kuidhinisha hati za malipo, kupanga zamu za wauguzi, kuandika maombi ya dawa na kungoja majibu ya wizara. Kazi hiyo si ndogo. Wanaoidharau ni wale ambao hawajapata kulala wodini usiku ambao dripu zimekwisha na mwenye ufunguo wa bohari hajulikani aliko. Hata hivyo, utaratibu huo wote umejengwa juu ya jambo moja ambalo watumishi wa umma hulichukulia kuwa ni la milele, nalo ni kuwapo kwa serikali. Maisha ya Daktari Hawa Abdi wa Somalia, aliyefariki dunia mjini Mogadishu tarehe 5 Agosti, 2020, akiwa na umri wa miaka 73, yanatoa jibu la swali ambalo hakuna chuo cha uongozi kinachopenda kuliuliza: mganga mkuu atafanya nini asubuhi ile ambapo wizara haipo, mshahara haupo, polisi hayupo, lakini wagonjwa wapo?

Bibi huyo alizaliwa Mogadishu mwezi Mei 1947, wakati mji huo ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza waliowafukuza Wataliani. Baba yake alikuwa mtu mwenye elimu aliyefanya kazi bandarini. Mama yake alifariki dunia kwa matatizo ya ujauzito wakati binti huyo akiwa na umri wa miaka kama 12 tu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, mzigo wa kuwalea wadogo zake ulimwangukia. Mtoto wa umri huo, aliyemwona mamaye akifa kwa ugonjwa ambao daktari mwenye kisu, damu na dawa ya usingizi angeweza kuutibu, hahitaji kuelezwa na mtu mwingine kwa nini nchi inahitaji madaktari wa uzazi.

Mwaka 1964, miaka minne baada ya Somalia kupata uhuru, Hawa Abdi alipata nafasi ya masomo iliyotolewa na Kamati ya Wanawake wa Umoja wa Kisovieti, akaenda Kiev kusomea udaktari. Inafaa jambo hilo litazamwe vizuri. Msichana yule hakwenda ng'ambo kwa fedha za baba yake, wala hakuwa mke wa balozi. Alikwenda kwa sababu nchi changa ilikuwa na uhaba wa wataalamu, na mtu fulani katika kamati fulani aliandika jina la msichana mahali ambapo ingekuwa rahisi sana kuandika jina la mvulana. Alihitimu mwaka 1971, akarejea nyumbani, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kisomali waliobobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi.

Somalia aliyoikuta ilikuwa nchi yenye harakati. Mwaka 1972 lugha ya Kisomali ilipewa maandishi rasmi, na mwaka 1974 wanafunzi wa mijini walipelekwa vijijini na kwenye kambi za wafugaji kufuta ujinga. Katika hali hiyo daktari kijana mwenye shahada ya Kiev angeweza kuridhika na cheo chake hospitalini na nafasi yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia. Yeye aliamua kuongeza kazi. Kuanzia mwaka 1972 alisoma sheria katika chuo hicho hicho huku akiendelea na udaktari, na mwaka 1979 akapata shahada ya sheria. Wako waliosema kwamba daktari kusoma sheria ni kupoteza wakati. Kwa kweli ilikuwa akiba ambayo faida yake ilionekana miaka thelathini baadaye, mbele ya watu wenye bunduki.

Mwaka 1983 alifungua kliniki ya chumba kimoja katika ardhi ya ukoo wake, kando ya barabara itokayo Mogadishu kwenda Afgooye, katika mkoa wa Shabelle ya Chini. Kazi ya kliniki hiyo ilikuwa kuwahudumia wanawake wa vijijini wakati wa uzazi, tena bila malipo. Hapa ndipo hasa penye kiini cha maisha yake ya kazi, kuliko hata matukio ya vita yaliyompa sifa duniani. Mwanamke wa mashambani anayeshikwa na uzazi pingamizi hana siku nyingi. Anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Hospitali kuu ya mji mkuu, hata ingekuwa na vyumba kumi vya upasuaji, haimsaidii mtu ambaye hana gari la kumfikisha huko. Nchini Somalia kuna jambo jingine linaloongeza hatari hiyo, nalo ni ukeketaji. Uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kiasi cha wanawake 98 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa, wengi wao kwa namna ile ya kushonwa ambayo huifanya njia ya uzazi kuwa kovu. Mkunga asiyejua namna ya kulikata kovu hilo kwa wakati na kulishona vizuri baadaye anaweza kumpoteza mama na mtoto pamoja. Daktari Hawa aliyajua hayo tangu utoto wake, na kazi yake ilipopanuka, hospitali yake ikawa pia mahali pa kuipinga desturi hiyo.

Alikuwa mtumishi mjini na daktari wa wakulima na wafugaji nje ya mji. Chumba kimoja kikawa vyumba, na vyumba vikawa wodi. Wanaodhani kwamba hospitali lazima ianze na jiwe la msingi, mgeni rasmi na hema la wageni waheshimiwa wanaweza kutafakari jambo hilo.

Mwezi Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Kilichofuata hakikuwa serikali nyingine bali vita vya koo, na katika vita hivyo madaktari wengi waliondoka. Hakuna haki ya kuwalaumu wote, maana mtu ana watoto, na risasi haiulizi shahada. Daktari Hawa naye alikuwa na watoto na angeweza kuondoka. Bibi yake, kama alivyosimulia mwenyewe, alimshauri abaki na kuitumia elimu yake kuwasaidia wanyonge, naye akabaki. Watu waliokimbia mapigano ya Mogadishu walianza kufika katika ardhi yake, kwanza jamaa na wagonjwa, kisha watu wasiokuwa na uhusiano wowote naye isipokuwa njaa. Njaa ya mwaka 1992 iliua watu zaidi ya laki mbili katika Somalia. Hospitali ya uzazi ikalazimika kuwa hospitali ya majeraha ya risasi, ya surua, ya kuhara na ya utapiamlo, yote kwa pamoja.

Watu hao wote waliishi katika ardhi yake bila kulipa kodi, na maji walipewa bure. Wasomaji wanaojua namna wenye viwanja wanavyofurahi wanapoona wakimbizi wanakuja wataelewa uzito wa uamuzi huo. Shule ilianzishwa kwa ajili ya watoto, na wanawake wakapewa mafunzo. Wale waliokuwa na nguvu walihimizwa kulima, maana Daktari Hawa aliona mapema kwamba mtu anayelishwa miaka mitano mfululizo kwa gunia la msaada huacha kuwa mkulima hata kama ardhi ipo mbele yake.

Uongozi wake ulionekana zaidi katika kanuni mbili alizoziweka kwa kila aliyetaka kuishi hapo. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna mtu ruhusa kubagua kwa misingi ya ukoo. Kanuni ya pili ilikuwa kwamba mwanamume hapigi mke wake, na anayempiga atafungiwa. Ghala moja lilitengwa kuwa jela ya wapiga wake. Kanuni mbili tu! Ofisi nyingi zina kanuni za utumishi zinazojaza kabati, na bado mgonjwa akifika mapokezi huulizwa kwanza yeye ni wa nani. Katika Somalia ya miaka ile, kumzuia mtu asiulize ukoo wa jirani yake wodini ilikuwa sawa na kuizuia vita yenyewe isiingie mlangoni. Majeruhi wa pande mbili zilizokuwa zikiuana barabarani waliweza kulala vitanda jirani. Kuhusu kanuni ya pili, daktari wa wanawake aonaye mbavu zilizovunjika na mimba zilizotoka kwa kipigo anajua kwamba jambo hilo si la faragha ya nyumba, ni la hospitali kama malaria ilivyo ya hospitali.

Baada ya mapigano makali yaliyoanza upya Mogadishu mwaka 2007, ukanda wa barabara ya Afgooye ulijaa mamia ya maelfu ya watu waliokimbia makwao bila kutoka nje ya nchi yao. Tarehe 3 Agosti, 2011, Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi kwamba ukanda huo ulikuwa katika hali ya baa la njaa. Njaa hiyo iliua watu wapatao 260,000 katika Somalia kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati huo katika ardhi ya Daktari Hawa walikuwa wakiishi watu wapatao 90,000, wengi wao wanawake na watoto, na hospitali ilikuwa imefikia vitanda 400. Iko miji ya mikoa katika Afrika Mashariki iliyokuwa na halmashauri kamili, meya, mhandisi na mweka hazina, huku ikiwa na watu wachache kuliko hao.

Mwezi Januari 1991 ungeweza kuitwa mwanzo wa mtihani wake, lakini mtihani wenyewe ulikuja Mei 2010. Wapiganaji wa kikundi cha Hizbul Islam, wapatao 750, walivamia hospitali hiyo. Hoja yao haikuwa ya kitabibu. Walisema kwamba yeye ni mwanamke, tena mzee, na kwa hiyo hastahili kuongoza mahali kama hapo. Akabidhi uongozi kwao. Akawajibu kwamba yeye ni daktari, na akawauliza wao wameifanyia nini jamii. Walimweka chini ya ulinzi, wakaharibu vifaa vya hospitali, na huduma zikasimama. Ndipo likatokea jambo ambalo wenye bunduki hawakulitazamia: wanawake waliokuwa wakiishi katika kambi hiyo walijitokeza kupinga, na Wasomali wa ndani na nje ya nchi wakapaza sauti. Baada ya siku kadhaa wavamizi walilazimika kurudi nyuma.

Kwa mtu mwingine, kuondoka kwa watu wale kungetosha. Daktari Hawa alisema kuwa hakutoshi. Alitaka waombe radhi, tena kwa maandishi. Na waliandika.

Msomaji aliyefanya kazi ofisini atasimama kidogo hapo. Wenye bunduki hawaandiki barua. Huo ndio utaratibu wao. Neno la mdomo hukanwa kesho yake, na kamanda akibadilishwa hakuna anayekumbuka alichosema wa kabla yake. Barua hubaki. Barua ya namna hiyo inakiri kwamba pana mtu aliyekosa na pana mtu aliyekosewa, na kwamba aliyekosewa ni msimamizi halali wa mahali hapo. Katika nchi ambayo mahakama zilikuwa zimefungwa kwa karibu miaka ishirini, mwanamke mwenye umri wa miaka 63 alifanya tendo la kisheria kwa njia pekee iliyosalia, nalo ni kumfanya mkosaji aweke kosa lake kwenye karatasi. Wasiojua kwamba alikuwa na shahada ya sheria huliona tendo hilo kuwa ni ukaidi wa kikongwe. Wapiganaji waliingia tena Februari 2012. Safari hiyo naye alisimamisha kazi za hospitali mpaka walipotoka.

Baada ya hapo dunia ilimgundua. Mwaka 2010 gazeti la wanawake la Marekani, Glamour, lilimtunuku pamoja na binti zake wawili, likamwita mchanganyiko wa Mama Teresa na Rambo. Maneno hayo yalisambaa sana, na inaelekea waliyoyaandika walidhani wanamsifu. Rambo ni mtu wa sinema anayemaliza matatizo kwa kuua watu wengi katika muda mfupi. Daktari Hawa alitumia miaka thelathini kuwazalisha wanawake na kuwanyang'anya wanaume fimbo. Kumlinganisha na Rambo ni kuonyesha kwamba kwa waandishi wa aina hiyo ujasiri wa Mwafrika hauwezi kueleweka mpaka upewe bunduki. Mwaka 2012 jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobeli, na mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilichapishwa. Hayo ni mema, lakini vitanda 400 havikujengwa na tuzo, kwa maana tuzo zilikuja wakati vitanda vilikwisha jengwa.

Liko swali gumu zaidi, na si haki kulikwepa kwa sababu tu ya heshima ya marehemu. Hospitali ya namna hii ni utukufu wa mtu na aibu ya nchi. Daktari mmoja alikuwa wizara ya afya, wizara ya maji, mahakama ya nyumba, idara ya elimu na polisi, katika ardhi yake mwenyewe, kwa muda mrefu kuliko watawala wengi wa Afrika wanavyokaa madarakani. Angekuwa mtu mbaya, nani angemwondoa? Jela ile ya ghalani ilifanya kazi njema kwa sababu aliyeshika ufunguo alikuwa Hawa Abdi. Serikali haikuundwa ili kuwatafuta watu wema wa kuwakabidhi funguo. Iliundwa ili ufunguo uwe na masharti, awe nao mwema au mwovu. Hata urithi wa uongozi ulikwenda kwa njia ya familia: binti zake, Deqo na Amina, wote wawili madaktari wa magonjwa ya wanawake waliosomea Urusi, ndio waliomsaidia na kuendeleza taasisi yenye jina lake. Mabinti hao wanastahili kila sifa, maana walirudi mahali ambapo wengi waliomba viza ya kupatoroka. Lakini hospitali ya umma haiwezi kutegemea kwamba kila mganga mkuu atazaa madaktari wawili wenye moyo wa mama yao.

Kwa hiyo wanaoyataja maisha yake ili kuonyesha kwamba serikali si lazima, kwamba watu binafsi wenye moyo wanatosha, wanayasoma kichwa chini. Daktari Hawa mwenyewe alikuwa zao la utumishi wa umma: nafasi ya masomo iliyopitia mikononi mwa kamati, mshahara wa chuo kikuu cha taifa, shahada ya sheria iliyolipiwa na nchi maskini. Alipobaki peke yake aliendesha hospitali kwa akiba ya miaka ile ishirini ambayo nchi ilikuwa nchi. Wasichana wa Kisomali waliozaliwa mwaka 1991 hawakukuta kamati ya kuandika majina yao.

Tanzania na jirani zake hawawezi kulitazama jambo hilo kama la ng'ambo. Vita hivyo hivyo viliwafukuza Wazigua wa bonde la mto Juba, ambao babu zao walichukuliwa utumwani karne ya kumi na tisa, wakarudi na lugha yao hadi mkoa wa Tanga, wakapewa makazi Chogo na hatimaye uraia. Kenya iliwapokea Wasomali Dadaab tangu mwaka 1991. Tarehe 24 Novemba, 2023, wakuu wa nchi waliokutana Arusha waliikubali Somalia kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2024 ikawa mwanachama kamili. Mazungumzo mengi tangu hapo yamekuwa juu ya ulinzi, bandari na biashara. Juu ya vyuo vya udaktari yamesemwa machache.

Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Nairobi na Kampala kuna vyuo vinavyofundisha madaktari, na vyote viko karibu na Mogadishu kuliko Kiev ilivyokuwa mwaka 1964. Nchi wanachama zinaweza kukubaliana juu ya nafasi maalumu kwa wasichana wa Kisomali watakaosomea udaktari na ukunga, kwa sharti kwamba wahitimu watafanya kazi kwanza katika wilaya za mashambani za nchi yao, na kwamba serikali yao itawalipa mshahara. Sharti hilo la pili ndilo gumu. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wana vikao vyao vya kawaida, na pendekezo la namna hiyo linaweza kuwekwa katika ajenda bila kungoja mkutano wa wakuu wa nchi. Walimu wa shule za sekondari za Somalia, ambao wengi wao hufundisha kwa ujira mdogo na katika majengo yaliyotobolewa na risasi, wanawajua wasichana wanaostahili, nao ndio wa kuulizwa majina.